Vyura wa Chini ya Mkindu

Harufu ya bonde ndiyo iliyokuwa ikituamsha, kabla ya adhana na kabla ya jogoo wa jirani. Ilikuwa harufu ya tope jeusi, majani yaliyolowa na samaki, ikipanda polepole mpaka dirishani, na mama akifungua mlango husema, "Haya, bonde limeshatusalimu." Nyumba yetu ilikuwa chini kabisa ya mlima wa Mbuya. Juu walikaa wanajeshi. Chini yalianza mafunjo, marefu kumpita mtu mzima, yakaenda mpaka macho yakachoka. Sisi tuliishi katikati, watu wa duka, wajukuu wa wafanyabiashara waliokuja na misafara kutoka pwani, na katika miaka ile ya utawala wa kijeshi kuishi katikati halikuwa jambo jema.

Aliyenifundisha bonde ni jirani yetu Nnalongo, kama Waganda wanavyomwita mama wa mapacha. Alikata mafunjo na kusuka mikeka, na siku za likizo alinichukua. Pale, aliniambia, ardhi si ardhi. Ni mafunjo yaliyokufa tangu enzi za mababu, yakalaliana bila kuoza sawasawa, maji chini yake. Ukikanyaga panatikisika kama godoro. Ukanyage mashina, usikanyage majani mabichi yanayokuchekea. Humo aliishi kamongo, samaki ambaye Nnalongo hakumla kwa kuwa ni mwiko wa ukoo wake, na kila alipokuta kiota chake alizunguka mbali akimwomba radhi. Kulikuwa na nyayo za nzohe, paa wa majini ambaye sikuwahi kumwona zaidi ya mgongo. Kulikuwa na ndege mweusi mwenye kifua chekundu, dume na jike wakipokezana wimbo mmoja hata ukadhani anaimba mmoja. Maji machafu ya mjini yaliingia upande wa juu yakiwa rangi ya chai ya maziwa, yakatoka kijitoni upande wa pili tukafulia nguo nyeupe. Na vyura! Jioni hatukusikilizana mezani.

Mwaka huo mvua zilipoanza, afisa mmoja alilipenda gari la mjomba wangu Sefu, Peugeot nyeupe aliyoiosha kila Ijumaa kama farasi wa harusi. Mama alimsihi ndugu yake ampe. "Mkono usioweza kuukata, ubusu," alimwambia. Mjomba akacheka, "Nitaubusu ukishaoshwa." Nilimpenda kwa mdomo wake huo, na mdomo huo huo ulitaka kumuua. Maneno hayo yalipanda mlima, na siku chache baadaye rafiki yake wa kambini alimtumia neno: usilale kwako leo. Sote tulijua watu waliotiwa ndani ya buti la gari mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kuuliza walikopelekwa. Basi Nnalongo akamwingiza mjomba bondeni, akamketisha juu ya kisiwa cha mafunjo chini ya mkindu uliosimama peke yake, ambao ulionekana kutoka kibarazani kwetu. Chakula alimpelekea kikiwa kimefungwa katika jani la mgomba, ndani ya furushi la mikeka. Mimi nilikatazwa hata kuutazama mkindu ule, kwa hiyo niliutazama kila siku, kutwa nzima.

Baada ya siku kadhaa wakaja, jioni, mvua imekatika tu, mama akitia maji birikani kwa udhu wa magharibi. Gari lilisimama uani na wakashuka askari wanne, mbele yao sajini mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Peugeot walikuwa wameshaichukua. Sasa walimtaka mwenyewe.

"Mama, ndugu yako iko wapi?"

"Hatujamwona, afande. Karibuni mketi."

"Mimi hapana kuja kukaa. Watu nasema iko ndani ya hii majani."

Nnalongo alikuwa ukingoni na panga lake. Akapiga magoti kwa heshima ya Kiganda. "Ssebo, mimi nakata mafunjo humu kila siku. Muntu hapana. Iko nyoka tu na mamba."

Kijana mmoja aliamriwa aingie. Alichagua pale palipokuwa pabichi na pazuri, akazama mpaka kiunoni, wakamvuta kwa mkanda wa bunduki akiwa ametapakaa tope. Hakuna aliyethubutu kucheka. Sajini alimtazama, kisha akatazama bonde, akatabasamu.

"Kwetu, huko Nile, sisi nawinda na masikio," alisema. "Mutu kama najificha kwa maji, chura pale nafunga mdomo."

Akafyatua risasi moja hewani. Bonde zima likanyamaza, na nilisikia maji yakidondoka kwenye mabati yetu. Mama alipenda kusema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tulijua anachosubiri sajini. Vyura wangeanza tena, na pale ambapo wasingeanza, ndipo bunduki zingeelekezwa. Wakaanza upande wa kijito, mmoja, kisha kundi. Wakaanza kwa mbali kule bonde linakopinda. Mimi nilimwomba Mungu vyura wa mkinduni waimbe, niliomba kwa kung'ata kidole.

Wakaimba. Waliimba chini ya mkindu kwa nguvu kuliko kwingine kote. Sajini akasikiliza kila upande, akatema mate. "Hapana mutu," alisema, na gari likapanda mlima.

Furaha yangu haikufika hata mlangoni. Nilimwona mama akikaa chini, birika mkononi, na nikaelewa alichoelewa: kama vyura wanaimba pale, basi pale hapana mtu. Bonde limemmeza. Tuliswali, hatukula.

Alfajiri Nnalongo aliingia bondeni akarudi akicheka na kulia kwa pamoja. Mjomba alikuwa hai. Siku ya kwanza, alimsimulia, vyura walimnyamazia hata akaogopa kimya chao kitamtoa roho. Akaapa asitikisike, hata mbu asimpige. Mwishowe wakamzoea, na risasi ilipolia mmoja wao alikuwa juu ya goti lake. Juma hilo hilo alivuka mpaka kwenda Kenya, na akarejea utawala ule ulipokwisha anguka.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini rafiki yetu huyo, bonde, tumemfukia. Malori ya kifusi yamemwaga mwaka baada ya mwaka, maghala yamesimama walipotaga kamongo, na mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chumba alichokuwa akilala mama. Maji machafu ya mjini sasa yanakwenda ziwani kama yalivyo. Mwaka jana mjomba, mzee wa fimbo, aliniomba nimpeleke. Tulisimama kwenye zege wakati wa magharibi, mvua imekatika tu. Alitega sikio upande wa kijito, akatega upande bonde linakopinda. Hakulia hata chura mmoja.

"Mwanangu," aliniuliza, "yule sajini angekuja leo, angesemaje?"

Akajijibu mwenyewe:

"Angesema bonde lote limejaa watu waliojificha. Angepiga risasi kila mahali."

Kisha akanishika mkono tuondoke.