Chaki ya Muhogo

Jana sokoni nilinusa makopa, yale mapande ya muhogo mkavu yenye harufu ya vumbi na uchachu, nikashindwa kununua.

Shuleni kwetu chaki ilikuwa haifiki, basi mwalimu aliandika ubaoni kwa makopa. Kila siku mwanafunzi mmoja alileta kipande kutoka kwao. Mwalimu mwenyewe alilishwa na wazazi kwa zamu, lakini mwaka ule wa njaa zamu zilikatika, na hakuna aliyeuliza anakula nini. Mwalimu mwenzake alishakwenda Geita kuchimba dhahabu. Yeye alibaki na sisi.

Siku niliyoleta kipande mimi, nilirudi darasani kuchukua kibuyu changu cha maji nikamkuta amegeukia ubao, anatafuna. Kipande kilikuwa kimebaki kama kidole gumba. Nikaenda kusema nyumbani.

Asubuhi baba alinishika mkono hadi shuleni.

"Mwalimu, huyu binti anasema unakula chaki ya watoto."

Nilitamani akatae. Alimwamkia baba shikamoo kwanza, kisha akasema, "Mtoto hasemi uongo, mzee."

Baba alimtazama, akaondoka. Hakurudi na chakula.

Kesho yake mwalimu alikataa kipande alicholetewa. Alituketisha nje, akachuchumaa, akaanza kuandika mchangani kwa kidole. Alifundisha hivyo kila siku hadi mvua iliponyesha, na mimi niliyekaa mbele nilikiona kile kidole kikitetemeka kwenye kila herufi.