Jirani Anayeuza Trauti

Jirani yangu wa meza hapa soko la Mamboleo anauza trauti, samaki wanaofugwa kwenye maji baridi ya mlimani kwao. Magari ya matajiri wa mtaa wa Milimani yananipita mimi na ngege wangu wa ziwani, yanasimama kwake. Mikono yake haina gamba hata moja! Anang'oa miiba polepole, kama anayemsuka mtoto, halafu vichwa anavitupa kwenye ndoo. Vichwa, ambavyo Kisumu hii tunavigombania! Kila jioni namwomba anipe, nikisema ni vya paka. Nyumbani navipika mchuzi, na kinachoniuma zaidi ni utamu wake. Jana alinifungia vichwa pamoja na samaki mzima, bila kuniangalia. "Mama Mercyline," akasema kwa sauti yake ya chini, "mwambie paka asisahau ndimu."