Mlango wa Kutazamwa

Kila asubuhi Nola alimwona jirani yake akiufuta mlango wa mbele kwa shati kuukuu la mumewe. Mama huyo aliuhangaikia mwaka mzima, apate unaoendana na nyumba za kale za mji wao wa Fremantle, Australia: mbao nyekundu, vioo vya rangi, kitasa cha shaba. Tangu uwekwe, yeye na mumewe wakawa wanaingilia nyuma, penye mapipa ya taka.

Siku kifua kilipombana Merv, mumewe, wauguzi walifika na machela.

“Zungukeni nyuma, wanangu!”

“Mama, machela haikati kona ile.”

Mama akaufungua mlango wa mbele. Mkono mmoja umemshika mumewe, wa pili umekinga fremu.

“Polepole, msije mkaukwaruza!”

Merv akasogeza barakoa ya hewa. “Kumbe,” akasema, “nyumba yetu ina mlango.”