Kengele Kwenye Nafasi Tupu

Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, binti wa fundi viatu mmoja wa hapa Garissa alinijia na habari kwamba baba yake amerejea kwa Mola wake na kwamba wamekwisha kumzika. Alikuwa na kifurushi cha kitambaa. "Alisema upewe wewe, adeer," akaniambia, na kuniita ami kama alivyozoea tangu utoto wake. Ndani mlikuwa na karatasi iliyochakaa na kengele ya mti ya ngamia. Nilisoma dua, kisha nikakaa chini, maana karatasi ile ya masomo ya gitaa niliitambua kabla ya kuikunjua.

Wasomaji wangu wa siku nyingi watashangaa mzee wa msikiti anatafuta nini kwenye gitaa. Swali hilo ni la haki. Katika miaka ya vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa huku kwetu, nilikuwa mwalimu kijana, na marehemu alishona viatu katika chumba kilichopakana na shule. Gitaa alijifunzia Nairobi kwa fundi rangi aliyepanga naye. Baada ya alasiri, kabla kafyu haijatufungia ndani, alinifundisha kudonoa nyuzi kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, badala ya kuzikwangua zote pamoja. Kwa kuwa nilisahau upesi, alinichorea mistari sita, kila mstari uzi mmoja, na juu yake akaandika herufi: G kwa gumba, S kwa kidole cha shahada, K kwa cha kati, P kwa cha pete. Palipotakiwa kimya aliacha nafasi tupu, na mimi nafasi hizo nilizirukia. "Bole bole, maalim," alinicheka. "Hii kidole yako iko na haraka kama mbuzi imeona maji. Hapo umekanyaga kimya yangu." Mwendo wa gumba aliutoa kwenye kengele ya ngamia jike wa mama yake, aliyeongoza kundi. Ngamia huyo alipigwa risasi upande wa Sangailu, pamoja na kundi zima. Fundi aliifungua kengele shingoni kwa mkono wake, akaitundika ukutani juu ya cherehani. Mfugaji huijua kengele yake kwa sikio, kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake.

Kosa langu lilikuwa kuiweka karatasi ndani ya daftari la shule. Asubuhi ya msako wanaume wote tulikalishwa uwanjani, juani, na askari akaipata. Afande aliigeuzageuza. "Njia sita za ngamia," akasema. "Na hizi herufi, ni majina ya nani?" Nikamwambia ni muziki. "Basi piga tusikie." Askari mmoja alikuwa na gitaa kambini, likaletwa, lakini vidole vyangu viliganda. "Nani alikuandikia?" Waliopandishwa lori wiki iliyotangulia walikuwa hawajarudi. Niliinamisha kichwa. Akauliza tena, nikanyamaza tena. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu: "Afande, huyu mwachie. Hata kupiga hajui. Karatasi ni yangu."

Fundi akapewa gitaa. Afande alifuata kwa ncha ya kalamu, herufi kwa herufi. Kwenye nafasi tupu ya kwanza, fundi aliinua mkono kama ilivyoandikwa, na katika kimya kile, ng'ambo ya mto, kengele ya mti ikagonga mara mbili. Kwenye nafasi ya pili ikagonga tena, karibu zaidi. Hakuruka hata pigo moja. "Ngamia wa nani hao?" afande akauliza. Sote tulijua kwamba ng'ambo ile ngamia walikwisha kuuawa wote. Askari waliotumwa kutazama walirudi bila kuona hata unyayo. Afande akamrudishia fundi karatasi, akiishika kwa ncha za vidole. "Nendeni makwenu. Na hiyo usiipige tena."

Njiani fundi aliniambia jambo moja tu: "Ile kengele ni yetu, maalim. Iliyo ukutani." Hakuniuliza kamwe kwa nini nilinyamaza. Alinisalimu kwa furaha miaka yote, na mimi sikumwomba msamaha. Wengi wetu tuliobaki tulijifunza kutosema, tukakiita kimya chetu subira. Nimefundisha subira msikitini miaka mingi, na ninamshukuru Mungu kwa kila siku aliyonipa, lakini kimya changu uwanjani hakikuwa subira. Kilikuwa woga, nami nimeupa jina zuri mpaka uzeeni.

Jumanne ile niliitikisa kengele. Haikulia. "Haina ulimi, adeer," binti akasema. "Risasi iliuvunja siku ngamia alipouawa."

Aliye na neno la kumwambia jirani yake aende leo, kabla ya magharibi. Mimi langu la kuomba msamaha nalisema sasa, kila baada ya alasiri, nikiielekea kengele dirishani. Nikimaliza naiacha nafasi tupu kama nilivyofundishwa, nasikiliza.