Draivu ya Lifti ya Ufuta

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha korosho Nachingwea, Fundi Mkuu hakunipa hata bisibisi. Alinishika mkono akaubandika juu ya giaboksi, yaani sanduku la meno linalopunguza kasi ya mota na kuongeza nguvu, akaniacha nimesimama hapo hadi chai ya saa nne. "Ukiijua ikiwa nzima," alisema, "siku ikiugua haitakudanganya."

Siku hizi nawaona mafundi wanakimbilia kitufe. Draivu, kifaa cha umeme kinachopanga kasi ya mota, ikikata kwa sababu mota imezidiwa, wao wanabonyeza iwake tena. Sisi tulifungua kapulingi, kile kiungo cha mota na giaboksi, tukaizungusha mota peke yake na kupima umeme inaovuta. Ikivuta kidogo, mota haina kosa. Hapo unaigeuza giaboksi kwa mkono. Ikikwaruza, umempata mgonjwa.

Baadaye nilihamia Ruangwa, kwenye mtambo wa kusafisha ufuta, nikiwa fundi umeme wa zamu. Kulikuwa na lifti ya ndoo, mkanda wenye vikombe unaopandisha ufuta hadi kwenye chekeche kubwa. Chini yake alifanya kazi Athumani, mtu wa Malolo, mpole na mwenye utani. Lifti ikisimama, ufuta hujaa chini, naye hufungua kimlango akaukomba kwa mkono. Swichi ya kukata umeme na kuifunga kwa kufuli ilikuwapo, ila ilikuwa mbali, na sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Nikiwa kwenye paneli ya kuwashia naita, "Athumani, nawasha!" Naye hujibu, "Washa, fundi!" Asipojibu, siwashi. Tulifanya hivyo miaka, na tulijiona salama.

Msimu mmoja draivu ikaanza kukata kila mara. Nilifanya vipimo vyote. Mota nzima, giaboksi inakwaruza, oili yake ina unga wa chuma. Beringi yake, ile gololi inayobeba mhimili, ilikuwa imekufa. Nikamwomba Meneja wa Uzalishaji tusimamishe lifti hadi beringi mpya ifike kutoka Dar es Salaam.

"Malori yamepanga foleni hadi barabarani," alisema. "Ongeza kikomo cha draivu."

Nilikataa. Kuongeza kikomo ni kuiacha mota ivute umeme kupita kiasi hadi iungue.

"Basi ipange ijiwashe yenyewe kila ikikata. Au na hilo huliwezi?"

Hilo niliweza. Niliona nimeshinda nusu ya ubishi, na mota yangu imepona. Niliipanga draivu ijiwashe nusu dakika baada ya kukata, nikaenda upande wa pili kushughulikia pampu. Niliiwaza mota tu. Sikumwambia Athumani.

Lifti ikakata. Athumani akafungua kimlango kama siku zote. Niliisikia lifti ikiwaka, kisha nikamsikia yeye.

Mkono wake wa kulia ulikatwa hospitali, juu ya kiwiko. Ripoti ilisema mfanyakazi alifungua mlango bila kufunga swichi. Meneja alinisogezea kalamu. "Kuna uongo hapo, fundi?" Neno kwa neno, uongo haukuwapo. Nikatia sahihi, na naona aibu mpaka leo.

Sasa nimestaafu, niko Nambambo na mikorosho yangu. Kule kazini waliniaga vizuri, wakasema mota zilizopita mikononi mwangu haziungui. Nilishindwa kula chakula chao. Baada ya mavuno ya mwaka huu nilikwenda Malolo. Athumani alinivutia kiti kwa mkono wa kushoto. Shamba analima mkewe, yeye anafukuza nyani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini alinitangulia.

"Fundi, siku ile uliita mara ngapi?" aliniuliza. "Mimi sikusikia hata moja. Watoto nimewaambia, masikio ya baba yenu ndiyo yaliyotuponza."

"Sikuita, Athumani. Niliipanga ijiwashe yenyewe, nikaondoka. Na ile ripoti nilitia sahihi."

Aliutazama mkono wa shati uliofungwa fundo. Kisha akageukia jikoni, akamwita mkewe kwa sauti ileile aliyokuwa akinijibu nayo kazini.

"Mama Zuhura, njoo usikie. Fundi anasema hakuita."