Aliyetaka Tufute Mchoro

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ya namna yule mgeni alivyosifu kazi yetu. Alisifu mno. Kitu cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja, yeye akakisifu kama ng'ombe wa mahari, nami nikaanza kujiuliza anatafuta nini.

Sina mvi nyingi, lakini katika kazi hii ya kuchora kwa kompyuta na kuchapa kwa mashine, hapa Bariadi nahesabika mzee. Wakati huo nilikuwa binti, sijaolewa. Kila Jumamosi nilikaa kibandani kwa Masanja, fundi simu, tukichezea printa ya 3D tuliyoipata mbovu tukaifufua. Haikuwa biashara. Ilikuwa raha yetu tu.

Msimu mmoja wa pamba tukatengeneza kofia ya nozeli ya bomba la dawa, ile ndogo ya mbele inayopasuka upesi, na dukani wanakwambia ununue bomba zima. Mchoro wa kwanza haukuwa wetu. Aliuweka mtandaoni mtu wa mbali ambaye hatujawahi kumwona, akaandika kwamba yeyote autumie na aubadilishe, ila asiwazuie wengine. Sisi tuliurekebisha mpaka ukakaa sawasawa kwenye mabomba ya huku, nasi tukauweka bure palepale.

Ndipo akaja huyo mgeni kutoka Lamadi, shati limenyooka, simu mbili mkononi. Alitaka kuununua mchoro.

"Ila ninyi mfute," alisema. "Mtandaoni, na kwenye kompyuta zenu. Ubaki kwangu tu."

Masanja akauliza atatoa kiasi gani. Mke wake alikuwa karibu kujifungua, kwa hiyo simlaumu. Mimi nilikwama kwenye lile neno, mfute. Kama anataka kuuza kofia, si achape auze? Sisi tukibaki nao, yeye anapungukiwa nini?

Mzee Ngasa, mkulima wa Ipililo, alikuwa kwenye benchi akisubiri kofia yake itoke mashineni.

"Mwadila, baba," alimsalimu mgeni. "Hii ikipasuka tena mwakani, niende kwa nani?"

"Kwangu, mzee. Lamadi."

"Na bei ikinishinda?"

Mgeni akacheka, akainamia simu yake. Alipoondoka, Mzee Ngasa akatugeukia.

"Mtu anawaambia mfute kazi yenu, nanyi mnamuuliza bei? Mngemuuliza kwanza kwa nini!"

Nilimwambia Masanja tusimpe. Akakubali haraka mno, na hapo ndipo shaka iliponiingia. Tangu hapo tukawa tunaangaliana. Akipigiwa simu, anatoka nje. Nikiingia, anafunga kompyuta. Naye alinishuku mimi. "Usije ukawa unamuuzia peke yako," aliniambia huku anatabasamu, lakini hakuwa anatania.

Haukupita muda mrefu, mchoro wetu ukaonekana mtandaoni unauzwa, jina la mgeni juu yake. Kibaya zaidi, alikuwa amewalalamikia wenye tovuti kwamba sisi ndio tumemwibia, na ule wetu wa bure ukaondolewa.

Nilimwonyesha Masanja. Alikaa chini.

"Nilimtumia faili zetu za kazi, zile ambazo hatukuziweka mtandaoni," alisema. "Aliniahidi hela ya hospitali. Sasa hapokei simu."

Sikupiga kelele. Nilimwandikia yule mtu wa mbali mwenye mchoro wa kwanza, bila matumaini makubwa. Alijibu, tena akawaandikia wenye tovuti, akawaonyesha kwamba wa kwake ulitangulia na sharti lake lilikuwa wazi. Wa mgeni ukaondolewa, wetu ukarudishwa. Wakulima waliendelea kupata kofia zao.

Lakini zile Jumamosi hazikurudi. Mtoto wa Masanja alipozaliwa nilipeleka kanga. Mkewe alinikaribisha uji, Masanja akanipisha kiti chake. Tukazungumza habari za mvua. Hakuna aliyetaja mashine.

Mwanangu, sikukatazi kuuza. Kofia uliyochapa ni jasho lako, iuze. Hata mchoro uza, kama wote umetoka kichwani mwako, au kama uliyeuchora naye amekubali mbele yako. Ukitaka kugawa, gawa kwa moyo, ila andika jina lako na sharti lako pale pale, watu wasome. Na kabla ya yote, rudi uangalie aliyekupa wewe alisema nini, maana mara nyingi tunachokiita chetu tumekipokea nusu. Akija mtu anayetaka kukulipa ili wengine wakose, muulize sababu. Mwema hatachukia swali. Asipojibu, usimpe kitu, hata kama nyumbani kuna shida. Njoo kwangu kwanza tuzungumze.

Mungu aibariki mikono yako, akupe mwenzako wa kufanya naye kazi bila kuviziana, na unachokitengeneza kimfae hata yule usiyemjua jina.