Mashine inamuuliza mama yangu anatoka wapi

Admin, nifichie jina, Kolwezi tunajuana sana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nauza vitambaa sokoni. Nimezaliwa hapa, na mama yangu amezaliwa hapa, ila wazazi wake waliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya migodi ya hapa. Wakubwa wameshaelewa ninakoelekea.

Nilipokuwa mtoto wa shule, vijana wa makabila ya hapa walipita nyumba kwa nyumba wakiwasaka wenye asili ya Kasai, wakiuliza: "Munatoka wapi?" Ukijibu Kasai, unatupwa nje na godoro lako. Walituita bilulu, yaani wadudu. Tulilala stesheni majuma mengi tukingoja treni ya kutupeleka Kasai, mvua ikitunyeshea. Mdogo wangu wa kunyonya alifia pale, mgongoni mwa mama. Baadaye tulirudi Kolwezi, maana kule Kasai hatukuwa na mtu. Mama hakuwahi kulizungumzia jambo lile.

Sasa akili yake imepotea. Alianza kusahau sufuria motoni, kisha njia ya nyumbani, mwisho akanyamaza kabisa. Tulipomkuta amekaa katikati ya reli, tukampeleka hospitali. Kule wana roboti ya mradi fulani: kimo cha mtoto, nyeupe, macho yanawaka, inaongea Kiswahili cha mbali. Inawaimbia wazee na kuwauliza maswali ili wakumbuke. Mwanzoni mama alicheka nayo, akala vizuri. Nililia kwa furaha.

Halafu asubuhi moja, nimekaa kando ya kitanda, roboti ikauliza, "Bibi, unatoka wapi?"

Mama akakaza mgongo. "Mi ni mutu wa hapa hapa, baba. Babu na bankambo yangu yote ni ba hapa."

"Vizuri sana! Je, una watoto?"

"Sina batoto." Akaninyooshea kidole. "Ule mama simuyue. Eko wa Kasai. Mumufukuze."

"Hongera, bibi!" Ikapiga na makofi.

Tangu hapo ananikana kila nikienda, na kila akinikana anapongezwa. Nilimwendea daktari, kijana tu, nikamweleza yaliyotupata, nikamwomba waliondoe swali hilo. Akasema mashine ilikuja na maswali yake, hawana ruhusa ya kuigusa. "Na haya mambo ya zamani, mama, mutaacha lini? Mgonjwa anaongea, anakula. Kama hamutaki, mumurudishe nyumbani, vitanda hivi ni vya mradi." Kaka yangu aliye Lubumbashi naye ananiambia nimeze uchungu: "Kukanwa si kufa." Yeye hajaja kumwona hata mara moja.

Jana mashine ilikuwa kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikainama, nikamwita mama kwa Tshiluba, lugha ya Kasai aliyonilea nayo. Ndugu zangu, alinitambua! Machozi yalimjaa, akaniita kwa jina langu la nyumbani. Kisha akageuka akaitazama ile mashine, akaniziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Nyamaza, mutoto wangu. Batasikia."

Nikimtoa, atarudia ukimya wake, na mimi nikiwa sokoni nani atamzuia asiende relini? Nikimwacha, atakufa akijificha, na mimi mwanawe nikiwa mtu wa kufukuzwa. Ninyi mulio na wazazi, niambieni bila kunificha: nimtoe, ao nimwache?